Kadi ya Ahadi, Dawa za Mama na Kijana wa Darajani

Swali, kama lilivyonifikia kwa ufupi: "Bwana asifiwe, Mchungaji. Mimi ni karani wa stoo katika Eneo la Viwanda hapa Nairobi, ninaishi mtaa wa Pipeline, na mshahara unaofika mkononi ni shilingi 38,000. Zaka ninatoa kila mwezi. Sasa kanisani tumepewa kadi za ahadi za jengo jipya, na kila mwenye kazi ameandikiwa shilingi 50,000 kabla ya mwaka kwisha. Tumefundishwa kwamba 'utafuteni kwanza ufalme' maana yake ni kuwa nyumba ya Mungu hutangulia, na kwamba maskini tunao siku zote. Mama yangu ana miaka 72, yuko Machakos, na dawa zake za presha ni juu yangu. Jumamosi ninamlipa mama wa kufua, kwa kuwa narudi nyumbani nimechoka. Tena kila asubuhi kuna kijana wa gundi, wale wa mtaani wanaoinusa ili walewe, kwenye daraja la waenda kwa miguu la barabara ya Outer Ring, ambaye siku hizi ananiita 'mathe', yaani mama. Siwezi wote. Je, kumweka Mungu mbele ni kuwaacha hawa nyuma? Na kumpa yule kijana si kumnunulia gundi?"

Amina, dada yangu, asifiwe sana. Barua yako nimeisoma mara mbili, nikaona kwamba fundo lote limekazwa na neno moja, nalo ni "kwanza". Tulifungue hilo kabla ya kugusa pesa.

Maneno ya Mathayo 6:33 hayakusemwa siku ya kuchangisha. Bwana Yesu alikuwa akizungumza na watu waliokuwa wakihangaika watakula nini na watavaa nini, na muda mfupi kabla ya hapo alikuwa amewaambia kwamba hakuna awezaye kuwatumikia mabwana wawili, yaani Mungu na Mali. Kwa hiyo "kwanza" anayoitaja si nafasi ya mbele katika foleni ya malipo ya mwisho wa mwezi, ambapo Mungu huchukua chake akapisha, akaja mwenye nyumba, akaja mama, na maskini akaitwa ikiwa kuna kilichosalia. Anazungumzia kinachoutawala moyo wa mtu wakati anapofungua pochi: ama hofu ya kupungukiwa, ama kumtegemea Baba anayejua tunayohitaji. Aliyeondolewa hofu hiyo mkono wake hulegea, na mkono uliolegea humfikia mama, jirani na kanisa pia.

Tena mstari huo una nusu ya pili ambayo wahubiri wetu huiruka kana kwamba ni shimo barabarani. Haukusema tuutafute ufalme peke yake, bali "ufalme wake, na haki yake". Neno la Kigiriki lililo nyuma ya "haki" hapo ni dikaiosune, na ndilo lilelile ambalo katika hati za kale linaifungua sura hiyo katika mstari wa 1, pale ambapo Biblia yetu ya Kiswahili inasema tusifanye "wema" wetu machoni pa watu. Watafsiri hawakukosea, kwa sababu neno lenyewe ni pana, ila kwa kutumia maneno mawili tofauti waliukata uzi machoni petu sisi tusiosoma Kigiriki. Ukiuunga tena utaona kwamba Yesu, akiisha kuitaja haki hiyo, anaieleza kwa mambo matatu, yaani sadaka kwa maskini, sala na kufunga, na anaanza na sadaka. Anayesema kwamba amemtanguliza Mungu, na kwa sababu hiyo maskini na wangoje, ameukosa mwanzo wa sura ambayo anainukuu mwisho wake.

Kuhusu kuwa na maskini siku zote, neno hilo lilitamkwa Bethania, mwanamke alipomimina marhamu ya nardo na watu wakanung'unika kwamba ingeuzwa kwa zaidi ya dinari 300. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa kutwa, kwa hiyo hesabu hiyo inakaribia mapato ya mwaka mzima wa mtu wa jembe. Yesu alimtetea yule mama kwa kuwa alikuwa akiuandaa mwili wake kwa maziko, tendo la mara moja ambalo halingerudiwa. Hakuwa akitunga kanuni ya matumizi ya fedha za kanisa. Maneno yenyewe aliyatoa katika Kumbukumbu la Torati 15:11, na waliomsikia, wakiwa watu waliolelewa katika Torati, walijua yanakoelekea: kwa kuwa maskini hawatakoma katika nchi, ndiyo sababu unaamriwa umfumbulie ndugu yako mkono. Kuishika nusu ya kwanza na kuifanya ruhusa ya kufumba mkono ni kama mtoto aliyeambiwa "nawa, kisha ule", akasikia "ule" tu. Nitaongeza hili kwa haki ya upande wa pili: Yohana anatuambia kwamba aliyewataja maskini kwa sauti siku ile alikuwa Yuda, mshika mfuko, ambaye alikuwa akichukua vilivyotiwa humo. Kwa hiyo wanaoongoza miradi ya maskini nao hesabu zao zikaguliwe.

Sasa jengo. Mimi si adui wa majengo. Nimekaa katika kamati ya ujenzi miaka mingi, na nimehubiri chini ya mabati mwezi wa Aprili mvua ikinishinda sauti. Kinachonisumbua katika kadi yako ni kwamba kiasi kimeandikwa kabla kadi haijakufikia, na kitu cha namna hiyo kwetu Kenya kina jina lake, kinaitwa kodi. Paulo aliwataka Wakorintho kila mmoja atoe kama alivyokusudia moyoni mwake, si kwa huzuni wala kwa kulazimishwa, na tusisahau kwamba mchango ule haukuwa wa jengo lolote, bali wa waumini maskini wa Yerusalemu. Hata Malaki 3:10, mstari wa zaka ambao watoto wa shule ya Jumapili wanaujua kwa moyo, umetanguliwa na mwingine, 3:5, ambamo Mungu anasema atakuwa shahidi mwepesi juu ya wanaomdhulumu kibarua mshahara wake, na mjane, na yatima, na mgeni. Na zaka yenyewe, ukisoma Kumbukumbu la Torati 14:28-29, kila mwaka wa tatu iliwekwa malangoni ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane wale washibe. Maskini hawakuwa watu wa kungoja makombo baada ya zaka. Walikuwa na fungu ndani yake. Kanisa la Roma la karne ya 5 lilikuwa na desturi ya kugawa mapato yake mafungu manne, la askofu, la makasisi, la maskini na la majengo, maana yake maskini na ukuta walipimiwa kipimo kimoja. Ni halali kwako kusimama katika mkutano wa mwaka na kuuliza, kwa heshima na kwa ulimi laini, fungu la maskini kanisani kwenu ni lipi na linasimamiwa na nani.

Hayo si mambo mapya yaliyozuliwa na wanaharakati. Yohana Krisostomo, aliyefariki mwaka 407, aliwaambia watu wa Antiokia wasimheshimu Kristo kwa vitambaa vya hariri ndani ya kanisa huku wakimwacha nje uchi akitetemeka kwa baridi. Wala hakukataza vyombo vizuri vya ibada. Alitaka sadaka kwa maskini iende pamoja navyo na ivitangulie. Mimi nakubaliana naye hadi kwenye hilo neno "pamoja".

Kwa mama yako sitarefusha, kwa kuwa Maandiko yenyewe hayakurefusha. Katika Marko 7, Yesu anawakemea watu waliotangaza mali yao kuwa Korbani, yaani wakfu kwa Mungu, ili wapate kisingizio cha kutomsaidia baba au mama, na anasema kwamba kwa desturi hiyo wanalitangua neno la Mungu. Paulo naye, katika 1 Timotheo 5:8, anasema asiyewatunza walio wake ameikana imani. Dawa za presha si "mambo ya dunia" yanayoshindana na mambo ya kiroho. Zinunue kwanza, wala usijisikie kwamba umemwibia Mungu. Ila nikuulize jambo la kawaida kabisa: je, jina la mama limeandikishwa katika mpango wa serikali wa Inua Jamii, ambao huwalipa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi? Malipo huchelewa wakati mwingine, lakini ni haki yake, na kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinaitaja hifadhi ya jamii kuwa haki ya kila mtu. Kuomba ruhusa siku moja kazini, ukaenda Machakos ukamsindikiza mama kwa chifu kuuliza, ni huduma kamili kama kuimba kwaya, na huenda ikafaa zaidi ya pesa utakazomtumia mwezi huo.

Mama wa kufua umemtaja mara moja tu, kwa kupita, nami naomba uniwie radhi nikimkalia kuliko wengine wote.

Torati inaagiza kwamba kibarua alipwe siku ileile, jua lisichwe juu ya ujira wake, kwa kuwa ni maskini na moyo wake umeutumaini huo. Mstari huo nimeuhubiri zaidi ya mara moja. Miaka kadhaa iliyopita, tulipokuwa tukiishi Buruburu, alikuwa akija mama mmoja kutoka mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Njenga kutufulia kila Jumanne. Jumanne moja sikuwa na pesa kwenye simu, nikamwambia, "Nitakutumia kesho." Akajibu, "Haina shida, Pastor," akakausha mikono kwa leso yake, akaenda. Kesho ikawa keshokutwa, kwa sababu nilikuwa na semina ya maombi, na ajabu ni kwamba niliomba vizuri sana siku hizo. Ijumaa nikaona aibu, nikaenda kwake kwa miguu nimpe mkononi, nikamkuta amesimama kwenye dirisha la duka, lile lenye waya, na mwenye duka ameufungua ukurasa wake katika daftari la madeni. Niliusoma nikiwa nyuma ya bega lake: unga nusu kilo, mafuta ya kupima ya 20, kipande cha sabuni, unga nusu tena, mkaa wa mkebe. Chini ya mstari wa Jumatano kulikuwa na alama ya wino mwekundu, maana yake hakopeshwi tena. Alikuwa akimbembeleza yule kijana wa duka ampe unga wa jioni hiyo. Aliponiona alitabasamu, akaninyoshea mkono anisalimie, na hakusema neno lolote kuhusu pesa.

Wino ule mwekundu ulikuwa wangu. Sikuwa nimemnyima sadaka, dada yangu; nilikuwa nimemkalia mshahara, na hayo ni makosa mawili tofauti. Anayenunua unga kwa nusu kilo na mafuta kwa kipimo hulipa zaidi kwa kila tone kuliko wewe unayenunua chupa nzima, na maji ya mtungi ya Mukuru yana bei kubwa kuliko yanayotoka katika mfereji wa mitaa ya wenye nacho. Kwa hiyo shilingi 500 inayochelewa siku tatu haipotezi siku tatu tu. Inapoteza ukopeshwaji, na ukopeshwaji ndio akiba pekee aliyo nayo mtu wa namna hiyo. Yakobo 5:4 inasema kwamba ujira uliozuiliwa hupiga kelele wenyewe. Mimi niliusikia dirishani pale, hata mwenyewe alipokuwa amenyamaza.

Ndiyo maana ninashikilia kwamba haki hutangulia huruma, na kwamba maskini wa kwanza wa Mkristo ni yule ambaye tayari anamdai. Mlipe mama wa kufua siku hiyohiyo, kabla hajatoka mlangoni. Usimpime kwa bei ya soko peke yake, kwa sababu soko la wanaoketi kando ya barabara wakingoja kuitwa kufua huamuliwa na njaa, na anayeuza kwa njaa hapangi bei. Ukimwongeza shilingi 100 kila Jumamosi, kwa mwezi umetoa 400 au 500 bila bahasha, bila kupiga picha, na bila yeye kukuinamia. Akiugua Jumamosi moja mtumie nusu ya malipo, kama ambavyo wewe hulipwa ukiugua, ikiwa mwajiri wako anafuata sheria. Kama mwajiri wako hafuati, hilo ni swali la barua nyingine.

Yule kijana wa darajani anahitaji maneno zaidi ya sarafu. Kwanza tuliondoe andiko ambalo hutupiwa watu kama yeye, la 2 Wathesalonike 3:10, kwamba asiyetaka kufanya kazi na asile. Paulo alisema asiyetaka; hakusema asiyepata. Wewe unapita Eneo la Viwanda asubuhi na unawaona wanaume waliotembea kutoka Mukuru gizani wakisimama kwenye malango ya viwanda, wachache wakaitwa ndani na wengine wakarudi walikotoka. Hao wanataka. Mtume huyohuyo, mistari mitatu mbele, anawaambia ndugu wasikate tamaa katika kutenda mema, na inaonekana aliwajua wasomaji wake.

Lakini hofu yako kuhusu gundi ni ya kweli, nami sitaidharau kwa maneno matamu. Mtoto wa mtaani usimpe pesa mkononi. Mara nyingi haifikii tumbo lake. Humfikia aliye mkubwa kuliko yeye au humfikia muuza gundi. Mpe mkate na pakiti ya maziwa iliyofunguliwa, ale ukiwa hapo. Kisha fanya lile ambalo wengi wetu hatulifanyi: muulize jina lake. Amekuita "mathe", nawe katika barua yako yote umemwita "kijana wa gundi". Katika Luka 16 yule tajiri, akiwa katika mateso, anaomba Lazaro, maskini wa mlangoni pake, atumwe kwake. Kumbe alikuwa akimjua kwa jina muda wote Lazaro alipokuwa amelala hapo mlangoni, na kumjua hakukumfaa Lazaro kitu. Kwa hiyo jina peke yake halitoshi, ila bila jina hakuna kinachoanza. Ukiisha kulijua, wasiliana na wanaofanya kazi hiyo kila siku. Nairobi haijakosa watu hao: Padre Arnold Grol, Mholanzi, alianzisha shirika la Undugu mwaka 1973 kwa ajili ya vijana waliokuwa wakielekeza magari mjini, na tangu wakati huo makanisa na mashirika mengi yamefungua vituo vya kuwapokea. Hakuna mtu mmoja anayemtoa mtoto mtaani peke yake akiwa anakimbilia kazini saa kumi na mbili na nusu. Peleka jambo hilo kwa ushirika wenu wa akina mama, mteue wawili wa kuzungumza naye, na uwe tayari kwa uwezekano kwamba ataenda kituoni, akatoroka, akarudi darajani, na bado atahitaji maziwa.

"Siwezi wote," umesema. Ni kweli huwezi, na hujaamriwa. Katika 2 Wakorintho 8 Paulo anasema kwamba utoaji hukubaliwa kwa kadiri ya alicho nacho mtu, si kwa kadiri ya asicho nacho, na kwamba haombi wengine wastarehe nanyi mtaabike. Ninayasema haya kwa sababu wapo Wakristo wa mji huu, hasa mabinti wa kwanza wa familia, ambao wanakopa kwenye simu usiku ili watume nyumbani asubuhi, na wanadhani huo ndio msalaba. Mkopo wa simu wenye riba si msalaba. Kama nduguzo wana kazi, waite kwa simu moja mgawane dawa za mama, hata kama mmoja atatoa shilingi 300 tu, na usiwafiche uzito huo kwa kuogopa kuonekana umechoka.

Kadi, basi. Ukisha kutoa zaka, kodi ya nyumba, nauli na dawa, sioni mahali ambapo 50,000 itatoka isipokuwa kwa kukopa au kwa kumpunguza mama wa kufua. Futa kiasi kilichoandikwa, uandike unachoweza kukitoa ukiwa na furaha. Kama ni 500 kwa mwezi, andika 6,000 kwa mwaka. Usiiache kadi ikizeeka mkobani, wala usiitumbukize kapuni ikiwa imekunjwa. Mpe mzee wa kanisa mkononi, na akiuliza kwa nini umefuta, mwambie kwamba una mzazi mgonjwa na mtu unayemlipa siku ya Jumamosi. Kisha mwombe akuandikie tarehe ya mkutano wa mwaka.